Kupata Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Kupima Volteji na Mkondo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Chini ya jagi la umeme tunalochemshia maji ya chai hapa nyumbani pameandikwa 220–240 V, 50 Hz, 1850–2200 W. Nimeulizwa zaidi ya mara moja ni kwa nini kifaa kimoja kitajiwe wati za aina mbili, na kama mtengenezaji mwenyewe hajui jagi lake linakula umeme kiasi gani. Anajua vizuri sana. Asichoweza kukijua ni volteji itakayofika kwenye soketi yako saa moja jioni, majirani wote wakiwa wanapika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata mambo mawili ukiwa umepima volteji na mkondo: ukinzani wa kifaa, na nguvu ambayo kifaa hicho kinatumia wakati unapokipima. Hesabu zenyewe ni kugawanya na kuzidisha tu. Makosa mengi ninayokutana nayo hayatokani na kugawanya vibaya, bali na namba iliyochukuliwa mahali pasipo pake.

Vipimo vinne na kanuni mbili

Volteji, ambayo huandikwa kwa herufi V na kupimwa kwa volti, ni msukumo wa umeme kati ya nukta mbili. Hakuna volteji ya nukta moja, kama ambavyo huwezi kuuliza umbali wa Dodoma bila kusema ni kutoka wapi. Mkondo ni umeme unaopita ndani ya kitu. Hupimwa kwa ampea, na herufi yake ni I, iliyotoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya ukali wa mkondo. Ukinzani, R, ni kiasi ambacho kitu kinauzuia mkondo usipite, nao hupimwa kwa omu, alama yake ikiwa Ω. Nguvu, P, ni kasi ya kugeuza umeme kuwa joto, mwanga au mwendo, na kipimo chake ni wati. Kanuni za kuanzia ni hizi mbili:

R = V ÷ I

P = V × I

Kanuni zote mbili zina sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika kwa sababu haliandikwi pembeni mwake: V iwe volteji iliyoko kati ya ncha mbili za kitu kile kile unachokihesabia, I iwe mkondo unaopita ndani ya kitu hicho hicho, na vyote viwili visomwe kwa wakati mmoja. Ukichukua volteji ya ukutani ukaigawanya kwa mkondo uliosomwa jana, utapata namba, lakini namba hiyo haitakuwa ukinzani wa kitu chochote.

Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kanuni inayobeba jina lake mwaka 1827, alisumbuliwa na jambo hilo hilo. Betri za wakati wake zilikuwa zikishuka nguvu katikati ya jaribio, hivyo namba alizosoma mwanzoni hazikulingana na za mwishoni. Akaziacha, akatumia jozi ya metali mbili, shaba na bismuthi, ambayo upande mmoja wa maungio yake ulikaa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Joto halikubadilika, na msukumo wa umeme ukatulia. Sisi tuna mita zinazosoma kwa sekunde moja, lakini sharti limebaki lile lile.

Hatua ya kwanza: fanya jaribio la betri kabla ya kugusa umeme wa ukutani

Tafuta betri ya volti 9, rizista moja (kijisehemu kidogo kilichotengenezwa kiwe na ukinzani maalumu) yenye mistari ya njano, zambarau, kahawia na dhahabu, pamoja na multimita, yaani mita moja inayoweza kupima volti, ampea na omu. Kama una multimita mbili ni vizuri zaidi. Mistari hiyo inasomeka 4, 7 na sifuri moja, yaani omu 470, na dhahabu ina maana kwamba thamani halisi inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Kwa hiyo rizista nzima inapaswa kuwa kati ya omu 446.5 na omu 493.5.

Mkondo hupimwa kwa kuikata njia na kuiweka mita katikati, ili umeme wote unaokwenda kwenye rizista upite kwanza ndani ya mita. Volteji hupimwa bila kukata chochote: ncha mbili za mita zinagusishwa kwenye miguu miwili ya rizista. Tofauti hii ndiyo inayounguza mita za wanaoanza. Multimita ikiwa kwenye upande wa ampea haina ukinzani wa maana ndani yake, na ukiichomeka hivyo kwenye matundu ya soketi umeuunganisha waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, unaourudisha, moja kwa moja. Kanuni yetu inasema kitakachotokea: hata kama njia nzima, kuanzia nyaya za nyumba hadi mita, ina ukinzani wa omu 0.5, mkondo utakuwa 230 ÷ 0.5, sawa na ampea 460. Kila unapomaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Katika mfano wetu, betri ikiwa haijaunganishwa na kitu mita inasoma volti 9.2. Rizista ikishaunganishwa, volteji kwenye miguu yake ni 8.7, na mkondo ni miliampea 18.5. Miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea, kwa hiyo kabla ya kuhesabu tunagawanya kwa 1,000:

18.5 ÷ 1,000 = ampea 0.0185

R = 8.7 ÷ 0.0185 = omu 470

P = 8.7 × 0.0185 = wati 0.16

Rizista ndogo za kawaida huvumilia robo wati, yaani 0.25, kwa hiyo hii itapata joto kidogo bila kuungua.

Sasa rudia hesabu ukitumia zile volti 9.2 za betri iliyokuwa imekaa bila kazi. Unapata omu 497, namba iliyo nje ya mipaka ya asilimia 5, na unaweza kuitupa rizista nzima kabisa ukidhani imeharibika. Rizista haina kosa. Betri nayo ina ukinzani ndani yake, na mara tu mkondo unapoanza kupita, sehemu ya volteji inapotelea humo humo. Ndiyo maana tunasema volteji isomwe mkondo ukiwa unapita, na isomwe kwenye miguu ya rizista.

Asiyependa kubadilisha miliampea anaweza kukumbuka njia ya mkato: volti zikigawanywa kwa miliampea, jibu linakuja katika kiloomu. Hapa 8.7 ÷ 18.5 ni 0.470, yaani kiloomu 0.47. Anayesahau hilo na kuandika «omu 0.47» amekosea mara elfu moja, na kosa la mara elfu moja ni rahisi kulitambua ukijizoesha kujiuliza kama jibu linafanana na kitu kilicho mkononi mwako.

Hatua ya pili: jagi kwenye umeme wa nyumbani

Umeme wa majumbani Tanzania umewekwa kuwa volti 230, na Kenya volti 240, yote kwa herzi 50. Volteji hizo zinaua, kwa hiyo sishauri mtu avue maganda ya nyaya ili apime. Kuna njia tatu za kusoma mkondo bila kukata waya.

Ya kwanza, ambayo ndiyo niliyotumia, ni kipimio kidogo cha kuchomeka kwenye soketi: unachomeka kipimio ukutani, kisha unachomeka kifaa kwenye kipimio, na kioo kinaonyesha volti, ampea na wati.

Ya pili ni mita yenye taya zinazofunguka na kuuzunguka waya. Mafundi wengi wanayo, na wengi wa wanaoiazima huishangaa inapoonyesha sifuri, kwa sababu wameibana kwenye kebo nzima ya jagi. Ndani ya kebo hiyo mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi ni sawa, na kwa mita ya taya vinafutana. Lazima taya zizunguke waya mmoja tu, wa moto au nyutro, na mahali ambapo nyaya hizo zimetengana ni kwenye kisanduku cha swichi kubwa, mahali pa fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na mamlaka ya udhibiti iitwayo EWURA, na kwa Kenya ni EPRA.

Njia ya tatu haihitaji kununua chochote, nami nitaieleza baadaye kidogo kwa sababu inategemea hesabu tutakayoifanya sasa.

Nilijaza jagi maji, nikaliwasha, nikasubiri sekunde kumi hivi ili namba zitulie. Kipimio kilisoma volti 232 na ampea 8.8.

R = 232 ÷ 8.8 = omu 26.4

P = 232 × 8.8 = wati 2,042

Kikokotoo cha simu kitakupa 26.363636 kwenye mstari wa kwanza. Tarakimu hizo zote za mwisho hazina maana yoyote. Kipimio kinaposema 8.8, mkondo wenyewe unaweza kuwa popote kati ya 8.75 na 8.85, na ukifanya hesabu kwa mipaka hiyo miwili unapata omu 26.5 na omu 26.2. Andika tarakimu tatu, usizidishe.

Sasa turudi kwenye maandishi ya chini ya jagi. Mtengenezaji anasema wati 1,850 kwa volti 220 na wati 2,200 kwa volti 240. Hapo hatuna mkondo, lakini tunaweza kuupata: 1,850 ÷ 220 ni ampea 8.41, na 220 ÷ 8.41 ni omu 26.2. Upande wa pili, 2,200 ÷ 240 ni ampea 9.17, na 240 ÷ 9.17 ni omu 26.2 tena. Wati mbili tofauti, ukinzani mmoja. Kinachoishi ndani ya jagi ni zile omu 26 na ushee za elementi, yaani waya wa ndani unaopata moto. Wati huzaliwa elementi inapokutana na volteji iliyopo siku hiyo.

Hatua ya tatu: kanuni mbili za ziada na kazi yake

Kwa kuwa V ni sawa na I × R, unaweza kuondoa mkondo au volteji kwenye kanuni ya nguvu ukabaki na hizi:

P = V × V ÷ R

P = I × I × R

Ya kwanza inafaa pale ukinzani unapojulikana na volteji inapobadilika. Ya pili inafaa kwa nyaya na maungio, mahali ambapo mkondo unajulikana lakini volteji inayopotea ni ndogo au haifikiki kwa ncha za mita.

Tuchukue jioni ile ambayo taa zinafifia na volteji imeshuka hadi 190. Ukinzani wa jagi ni omu 26.3 (wastani wa vipimo vyangu), hivyo P = 190 × 190 ÷ 26.3 = wati 1,373. Linganisha na wati 2,042 za mchana: volteji imepungua kwa asilimia 18, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 33, kwa sababu volteji inaingia kwenye kanuni mara mbili. Lita moja na nusu ya maji yenye nyuzi 25 inahitaji jouli (kipimo cha nishati, wati moja kwa sekunde moja) 471,000 hivi ili ifike nyuzi 100. Ukigawanya kwa wati unapata sekunde 231 mchana na sekunde 343 jioni, yaani karibu dakika nne dhidi ya karibu dakika sita, bila kuhesabu joto linalopotea hewani.

Hapa pana imani moja iliyoenea, kwamba umeme ukiwa hafifu uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinakwenda polepole na hivyo mtu anaokoa pesa. Zinakwenda polepole kweli, lakini kwa muda mrefu zaidi. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Maji yale yale yanataka jouli zile zile 471,000, yaani uniti 0.13, mchana au jioni. Na kwa kuwa jagi linalochelewa hupoteza joto zaidi kupitia kuta zake, jioni utalipa kidogo zaidi.

Kanuni hizi ndizo pia zinazochagua fyuzi ya plagi. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 inavuta 1,000 ÷ 230, sawa na ampea 4.3, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inaitosha. Jagi letu linavuta karibu ampea 9 na linahitaji fyuzi ya 13. Fyuzi ya 13 kwenye plagi ya redio haiilindi redio wala waya wake mwembamba, ingawa redio itaimba kama kawaida.

Hatua ya nne: hakiki jibu kwa njia nyingine

Jibu lililopatikana kwa njia moja tu siliamini sana. Kuna hakiki mbili nyepesi.

Kwanza, chomoa jagi ukutani kabisa, liache lipoe, bonyeza swichi yake kana kwamba unaliwasha, kisha weka multimita kwenye omu na ugusishe ncha zake kwenye miguu miwili ya plagi inayobeba umeme. Kabla ya hapo gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Pengine zitasoma omu 0.3, ambazo unazitoa kwenye jibu. Mita yangu ilisoma 26.5, nikitoa 0.3 zinabaki 26.2. Usipopata namba yoyote, elementi imekatika, au fyuzi ya plagi imeungua, au kile kikatio cha ndani kinacholinda jagi lisichemke bila maji kimefunguka. Kisha gusisha ncha moja kwenye mguu wa ethi, ule unaounganishwa na ardhi: kati ya huo na miguu mingine miwili mita isisome kitu. Ikisoma omu chache au hata mia kadhaa, jagi hilo lisichomekwe tena mpaka litengenezwe.

Pili ni ile njia ya tatu niliyoiahidi. Kwenye uso wa mita ya umeme ya nyumba kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa ipepese mara ngapi kwa kila uniti, kwa mfano 1000 au 1600 imp/kWh. Zima kila kitu, friji pia, hakikisha taa imetulia, halafu washa jagi peke yake likiwa limechomekwa ukutani na uhesabu mapepeso kwa dakika moja. Nilihesabu 54 kwenye mita ya 1600. Nguvu inapatikana hivi:

P = mapepeso × 3,600,000 ÷ (1600 × sekunde)

P = 54 × 3,600,000 ÷ (1600 × 60) = wati 2,025

Tofauti na wati 2,042 za kipimio haifiki asilimia moja, na pepeso moja zaidi au pungufu lingetosha kuieleza. Tena, kwa kuwa omu za jagi tunazo, tunaweza kurudi nyuma tukapata mkondo na volteji bila kugusa waya wowote. Mkondo ni kipeuo cha pili cha P ÷ R, yaani kipeuo cha 77, sawa na ampea 8.8, volteji ni kipeuo cha pili cha P × R, sawa na volti 231. Mwenye jagi, multimita ya bei ndogo na saa anaweza kuipima volteji ya nyumba yake namna hii usiku wowote, mradi maji yawemo kwenye jagi.

Mahali ambapo hesabu hizi zinadanganya

Jagi, pasi, jiko la koili na hita ni vifaa vya kweli kwa kanuni hizi, kwa sababu waya wa elementi zake hubadilika ukinzani kidogo tu unapopata moto. Taa ya waya mwembamba haiko hivyo. Chukua balbu ya gari ya volti 12 na wati 21, ile ya kuashiria kona: ikiwaka ina ukinzani wa 12 × 12 ÷ 21, sawa na omu 6.9, lakini ukiipima ikiwa baridi multimita haifiki hata omu moja. Mita haina kosa na kanuni haina kosa. Waya wa tangsteni unapowaka hadi kuwa mweupe, ukinzani wake hupanda mara kumi na zaidi. Kwa kifaa cha namna hiyo, ukinzani unaoutaka utaupata kwa V ÷ I kikiwa kinawaka, si vinginevyo.

Friji, feni, pampu na kitu chochote chenye mota kina tatizo jingine. Kwa mfano, kipimio kwenye friji kinaweza kuonyesha volti 231, ampea 0.85 na wati 118. Ukizidisha 231 kwa 0.85 unapata 196, si 118. Katika mota, mkondo na volteji havipandi na kushuka pamoja. Sehemu ya mkondo inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Ile 196 huitwa volti-ampea, na uwiano wa 118 kwa 196, yaani 0.60, huitwa kipengele cha nguvu. LUKU inahesabu zile 118. Lakini anayechagua inveta au jenereta lazima aangalie 196, na aache nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya mkondo wa kuwashia. Kugawanya 231 kwa 0.85 na kuyaita majibu «ukinzani wa friji» ni kosa; ukizima friji na kupima waya wa mota yake kwa multimita utakuta omu chache mno kuliko hizo 272.

Runinga za kisasa, chaja na taa za LED nazo zina vifaa vya kielektroniki vinavyojirekebisha, kiasi kwamba volteji ikishuka vingi huvuta mkondo mkubwa zaidi ili wati zibaki zile zile. Kwa hivyo hakuna R moja ya kuandika.

Hatua ya tano: nyaya na maungio

Hapa ndipo lile sharti la volteji ya kitu chenyewe linapolipa. Nililihamisha jagi kwenye ekstensheni ya mita 20, nyaya zake za shaba zikiwa na unene wa milimita moja ya mraba. Kipimio nikakichomeka kwanza ukutani, kabla ya ekstensheni: volti 232, ampea 8.6. Kisha nikakihamishia mwisho wa ekstensheni, penye jagi: volti 226, ampea 8.6. Jagi lina 226 ÷ 8.6, omu 26.3, kama siku zote. Ekstensheni je? Wanaoanza huandika 232 ÷ 8.6. Lakini hizo volti 232 haziko kwenye ekstensheni peke yake. Zimegawanywa kati yake na jagi. Iliyopotea njiani ni 232 − 226, volti 6, na hiyo ndiyo V ya ekstensheni:

R = 6 ÷ 8.6 = omu 0.70

P = 6 × 8.6 = wati 52

Kanuni ya shaba inakubaliana: waya wa shaba wa urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba una omu 0.0172, na umeme unakwenda mita 20 na kurudi mita 20, hivyo 40 × 0.0172 ni omu 0.69. Wati 52 zikitawanyika kwenye mita 20 za waya ulionyoshwa sakafuni hutaona chochote. Zikibaki ndani ya ekstensheni iliyozungushwa kwenye kibiringo chake, kila mzunguko ukiupasha moto mwenzake, ganda la plastiki hulainika. Ekstensheni za bei rahisi zina unene wa 0.75 au pungufu, na ukinzani wake unapanda kwa uwiano huo huo.

Wiki kadhaa baadaye ekstensheni ile ile ilisoma tofauti: ukutani 232, penye jagi 223, mkondo ampea 8.5. Zimepotea volti 9. Waya wenyewe unaweza kueleza 0.69 × 8.5, kama volti 5.9, na zinabaki volti 3.1 ambazo shaba haizihusu. Zidisha 3.1 kwa 8.5 unapata wati 26, karibu nusu ya joto la waya mzima wa mita 20, safari hii likiwa limekusanyika mahali fulani padogo. Nilizima, nikachomoa, nikapitisha kidole kwenye matundu ya ekstensheni. Moja lilikuwa limebadilika rangi kuwa kahawia, na plastiki yake ilinuka. Kibanio cha shaba ndani yake kilikuwa kimelegea. Multimita kwenye omu isingekigundua kirahisi, kwa maana 3.1 ÷ 8.5 ni omu 0.36 tu, karibu sawa na nyaya za mita yenyewe. Kilichokifichua ni volteji iliyosomwa mkondo ukiwa unapita. Nilibadilisha kichwa cha ekstensheni, nikachemsha maji tena, na kipimio penye jagi kikasoma 226.